Sekunde za Probert

Sikuja kukukagua, Probert.
Nilikueleza hivyo Jumatatu, mlangoni mwa maabara,
ukaitazama kalamu yangu kama mtu anavyotazama sindano.
Nikakaa nyuma, karibu na bomba linalotona,
kiti cha mtoto kikinibana magoti,
mvua ya Llanelli ikigonga kioo
kama mwanafunzi aliyechelewa.

Uliuliza: kipi ni baridi zaidi,
mguu wa meza, wa chuma,
au uso wake wa mbao?
Na kabla swali halijatua
ulikwisha kulijibu mwenyewe.
La pili, vilevile. La tatu.
Kama mtu anayefunua chungu cha wali kila dakika
kisha akaulaumu mchele.

Nikaandika nambari tu.
Nusu sekunde. Sekunde moja. Nusu.
Maswali ishirini na sita,
na subira yako yote, ukiijumlisha,
haikutosha kufunga kamba za viatu.

Katika chumba cha walimu, chai ikipoa,
nilikusogezea karatasi bila neno.
Uliisoma mara mbili. Masikio yakakuiva.
"Wakinyamaza," ukasema, "naona kama ninazama."
Nilikuwa na methali mdomoni,
ile ya kimya na mshindo wake,
nikaimeza pamoja na biskuti:
anayezama hapewi methali.
Nikakusimulia badala yake darasa langu la kwanza, Muheza,
watoto sabini, chaki moja,
nami nikisema dakika arobaini bila kupumua
kwa hofu hiyohiyo.
Ukacheka. Hapo ndipo tulipoanza kazi.

Leo tena. Chuma au mbao?
Umeshika ukingo wa meza, midomo umeibana.
Moja. Mbili. Tatu.
Bomba latona. Nne.
Mtu anakohoa. Sita.
Vidole vyako vimekuwa vyeupe. Kaza hapohapo.
Tisa,
na Nerys, ambaye jina lake halimo popote katika daftari langu,
anagusa chuma, anagusa mbao, anarudia chuma:
"Vyote vimelala humu usiku kucha, mwalimu.
Labda baridi haitoki kwenye chuma.
Labda joto ni langu, nalo linanikimbia."

Hukusema "vizuri sana".
Ulimgeukia Idris: "Wewe waonaje?"
Ukanyamaza tena.

Nikaitazama karatasi yangu.
Nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Kengele. Watoto wanatoka wakigusa kila kitu,
kitasa, kioo, shavu la rafiki.
Unanijia kule nyuma
na uso wa mtu anayesubiri alama.
Sina alama, Probert.
Ninalo swali moja,
nami nitakaa nalo hapa, kwenye kiti hiki kidogo,
mpaka unijibu.