Jua la Luku

Julai, Magamba. Ukungu umeingia hadi jikoni
na kuketi kama mkwe,
usiyeweza kumuuliza anaondoka lini.
Kitalu cha nje kimeoza mara mbili.
Mara ya tatu mbegu za nyanya nikaziingiza chumbani:
makopo ya siagi, trei za mayai,
udongo nilioupitisha kwenye chujio la chai,
na juu yake taa ya mirija miwili
inaning'inia kwa kamba ya katani.

Shemdoe ananuna. “Hivi tumelala au tuko sokoni?”
Anajifunika uso kwa kanga yangu.

Saa nane usiku Luku inalia.
Naamka kuhesabu: yuniti sita,
miche arobaini na mmoja,
shingo nyembamba, majani mawili mawili,
yote imeinamia mrija mmoja
kama watoto waliosikia karatasi ya peremende.
Naigeuza. Kesho itainama tena.
Jua lenyewe sijaionyesha bado;
naogopa hata kuiambia lilivyo kubwa.

Alfajiri namkuta amechuchumaa,
sweta begani, kopo mkononi,
anamnong'oneza mmoja uliochelewa:
“Haya, mzee. Usiniaibishe.”

Nikafumba macho haraka,
nikakoroma kidogo.