Ubao wa Samadari

Napiga randa uani, Al Khoudh,
alfajiri, kabla jua halijawa adui.
Ubao ni wa samadari ya bibi, msaji mtupu,
iliyotoka Wete vipande vipande
ikalala stoo miaka thelathini chini ya magodoro.

Mundhir, mwanangu, ananicheka:
"Mama, kompyuta huja na bati lake."
Nimenyamaza. Nimepima kwa futi, nikapima kwa shibiri,
na bado nimekosea kwa upana wa ukucha.

Matundu mawili ya feni, moja la kutolea joto.
Gundi. Msasa, tena msasa.
Vumbi likaingia kwenye kahawa, nikainywa hivyo hivyo.
Ubavu mmoja umepinda kidogo:
ndani kiyoyozi, nje tanuri,
mti haujui umtii nani.

Upande wa kichwani pana alama za kucha.
Nani alikwaruza, usiku gani,
kwa uchungu wa kumzaa nani?
Hapo sikupitisha msasa.
Hapo nimetoboa tundu la swichi.

Leo nimebonyeza.
Feni zikavuta pumzi, ubao ukapata moto,
chumba kizima kikanukia
usingizi wa Bi Zayana.