Ukurasa wa Tisa

Kalunde anasoma ukuta.
Anasoma kibao cha fundi viatu, gunia la saruji,
ubavu wa behewa lililoingia kutoka Mpanda:
ta-ha-dha...
treni inaondoka na silabi iliyobaki,
naye ananitazama kama mimi ndiye niliyeificha.

Nikaenda kutafuta kitabu.

Duka la karibu na stendi
lina daftari za mahesabu, vitabu vya risiti, kadi za harusi,
mitihani ya zamani ya kidato cha nne.
"Cha mtoto wa la kwanza?"
Muuzaji akapanda ngazi, akashuka na kimoja,
akapuliza vumbi, bei ikaonekana.
Ndani mtoto mwenye kofia ya sufu anateleza juu ya theluji.
Kalunde akauliza, "Mama, wamemwaga unga?"
Nikakirudisha.
Unga wenyewe nyumbani ulikuwa umebaki wa jioni moja.

Shuleni vipo. Nimeviona kwa macho yangu
kupitia ufa wa kabati,
vipya, vimefungwa kamba kama kuku wa mnadani.
"Watoto wana mikono michafu," alisema mwalimu mkuu,
na ufunguo ukasafiri naye hadi Nzega
kwenye semina ya kuinua usomaji.

Mikono michafu!
Mtoto anayemenya karanga baada ya kengele
ulitaka awe na mikono ya hakimu?

Siku ile nilinunua za mia mbili kwa Nyanzala,
njia ya kwenda Isevya, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.
Nikakunjua kikaratasi alichokisokota kama pembe.
Karanga zikamwagika, akabaki mbuzi.
Mbuzi wa kuchorwa, ndevu zimelowa mafuta,
na chini yake herufi nene kama punje za mahindi:
MBUZI ANATAKA CHUMVI.

Kalunde akasoma.
Akalamba kidole, akasoma tena.

"Nyanzala, haya makaratasi unayatoa wapi?"
"Kwa kilo, mama. Kwani siku hizi unakula karatasi?"
Nikanunua rundo lote.
Akalipima kwenye mizani ileile ya karanga,
akatupia kurasa tatu juu, nyongeza ya ujirani.
"Wabeja," nikamwambia.
"Wabeja nini, wateja wa leo nitawafungia mkononi."

Usiku ule cherehani yangu,
iliyozoea sare na magauni ya sendofu,
ilishona hadithi.
Jalada ni kitenge cha mteja aliyekataa kumalizia deni.
Sita, saba, nane,
kumi.
Nikarudia kuhesabu, taa ya chemli karibu na pua.
Wa tisa haukuwepo.
Mtu fulani wa Cheyo, au Ipuli,
alimaliza karanga zake akatupa mtaroni
ukurasa ambao mbuzi alipata, au hakupata.

Basi mtaa mzima ukawa unakula karanga kwa uangalifu.
Watoto wanakunjua kabla ya kutafuna:
fizikia, hotuba ya mgeni rasmi,
bei za tumbaku za mwaka juzi.
Jumamosi Mwashi wa jirani akaja mbio,
karatasi kaibana kifuani, kandambili moja kaiacha njiani.
Ukurasa wa tisa!

Wa kitabu kingine.
Namna ya kuvuka barabara:
tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia.

Tukaushona hivyohivyo.
Sasa mbuzi anataka chumvi, anafika barabarani,
anatazama kulia, kushoto, tena kulia,
na ukurasa wa kumi huyo analamba jiwe, mkia juu.
Hakuna mtoto aliyeona kosa.

Mwalimu Mihayo alikiazima wiki mbili zilizopita.
Hajakirudisha, nami simdai.
Nasikia kinazunguka dawati hadi dawati,
kina alama za vidole kila pembe,
kinanuka karanga,
na hakina ufunguo.