Mbona Unashika Shingo?

Nilipanda Kyarumba kwa pikipiki, mvua ya usiku
ingali inachuruzika kwenye mitaro ya kahawa.
Mkobani glavu, kipimajoto, na chupa ya chai isiyo na chai:
ndani yake ovari mbili kutoka machinjioni Kasese,
zinaelea katika maji ya chumvi, vuguvugu.

Ithungu alikuwa ameshamfunga mbuzi kwenye nguzo ya jiko.
"Mimba ya tatu hii," alisema.
"Wa kwanza alizaliwa hana unywele hata mmoja,
ngozi tupu kama kiganja. Wa pili hakuvuta pumzi.
Huyu wa juzi, kondo la nyuma lilikataa kutoka
mpaka nzi wakatuarifu."
Jirani keshasema ni jicho la mke mwenza.
Beberu keshauzwa, kalipa kosa lisilo lake.

Nikapiga magoti. Nikapeleka vidole kooni.

"Daktari, ugonjwa uko tumboni. Mbona unashika shingo?"

Kwa sababu, Ithungu, tumbo halijiamulii.
Hapa, kando ya koromeo, kuna tezi,
maharagwe mawili yaliyojificha,
inapika homoni, na kuni zake ni iodini.
Homoni hutoka imebeba iodini nne;
ikifika kwenye seli huvua moja,
kama mgeni avuavyo kiatu mlangoni,
ndipo huingia kazini.
Huliambia yai changa ndani ya ovari: nenepa.
Huutandika ukuta wa mji wa mimba
tabaka juu ya tabaka, kiumbe apate pa kulala.
Kuni zikiisha, tezi huvimba kwa kuhangaika,
kama mtu apulizaye majivu:
mashavu yamejaa, chungu kimepoa.

Sikuyasema yote hayo.
Nilisema nusu, kwa Kikonzo cha kuokoteza,
nikafungua chupa aone:
ovari moja ina malengelenge angavu,
umande juu ya jani la jimbi;
ya pili kavu, vipele vilivyoanza safari vikakaa njiani.
"Mwenye hii alikuwa na rovu."
Ithungu alichungulia, akaguna.

Anakula nini? Maganda ya muhogo, na majani yake.
Chumvi? Ya Katwe, ya mabonge, shemeji huleta kwa gunia,
ya kijivu, haijawahi kuonana na iodini ya kiwandani.
Nikaandika: maganda yapunguzwe, yaanikwe.
Jiwe la kulamba, lenye iodini.
Kisha tusubiri. Mbuzi hubeba miezi mitano;
mimi nabeba daftari, na daftari halizai.

Wiki ya saba simu ililia alfajiri.
"Kalia usiku kucha! Anatikisa mkia, anataka dume,
na dume tumeuza!"
Nilicheka mpaka mume wangu akaamka.

Niliporudi, beberu wa kuazima alikuwa ameshaondoka.
Imeshika? Haijashika? Bado hatujui.
Mbuzi alicheua, akanitazama kwa macho yale ya mlalo
yasiyoahidi kitu.

Ithungu akaniletea kigoda. Akafungua kitambaa shingoni,
kitambaa ambacho sijawahi kumwona bila yake,
akakikunja mara mbili, akakiweka pajani.

Nikaangalia. Nikaangalia pembeni.
"Mimi ni daktari wa mbuzi," nikasema.

"Najua," akasema. "Lakini chumvi ni moja."