Fuko

Mwaka fuko alipoingia shamba letu la Isyonje
hatukumwona. Tuliona majani tu:
shina moja limelala saa nne asubuhi,
umande haujakauka,
ukilivuta linakuja lote, jepesi,
chini hakuna kiazi.

Mama naye alianza hivyo, kulala mchana.
Majirani wakaleta mayai, maharage, maziwa ya mgando.
Sekela wa bondeni akaleta jogoo mzima, kamfunga miguu.
Mama alikula. Nashuhudia, alikula,
na gauni likazidi kumpwaya.
Usiku nikajiuliza, nikaogopa kujibu:
mayai yale tunamlisha nani?

Pale Rufaa, Mbeya, daktari Ndimbumi
alichora nyuma ya fomu, kalamu ikikwama kwa baridi.
Seli, akasema. Ukuta wake hunyanyuka kama midomo,
hugugumia majimaji ya mwili, funda kwa funda,
na ndani yake mna protini,
albumini, ndugu wa ute wa yai.
Seli yenye afya huonja.
Ile ya saratani haijui kushiba.

"Basi tunaipa. Tunaipa inachokitaka.
Protini ileile, tumeifungia chembe inayong'aa.
Imeze."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.
Kwetu, akamwambia, fuko humfukuzi kwa jembe;
utachimba shamba zima, naye yuko kwa jirani.
Unamwekea kiazi kwenye njia yake,
unapinda kijiti, unafunga uzi,
halafu unakwenda kupika.
Njaa yake itakuitia.

Wakamdunga sindano. Tukangoja,
yeye ndani ya mablanketi mawili na khanga ya msiba wa shangazi,
mimi nikihesabu vigae vya dari, nikipotea, nikianza upya.

Kwenye kioo mwili wake ulikuwa usiku,
usiku wa Rungwe usio na mwezi,
ini likimulika hafifu kama taa ya ng'ambo ya korongo,
na chini ya mbavu, kushoto,
punje tatu nyeupe,
zimetulia na shibe yao.

Tulitarajia moja.

Daktari hakusema upesi.
Mama ndiye aliyenyoosha kidole, kucha bado ina udongo,
akagusa kioo, hapa, hapa, na hapa,
taratibu, kama anayechomeka vijiti.
"Sasa tunajua wanapolala," akasema.
Kisha akauliza
kama palizi itamkuta nyumbani.