Sauti ya Robine Kavu

Ziwa tunaliona. Kutoka Cimpunda huku juu
linaonekana lote, limetandikwa kama shuka ya mgeni, haikaliwi,
na sisi tunapanga bidoni za njano saa tisa za usiku
mbele ya robine inayokohoa.

Mimi ni katibu wa chama. Chama chetu hakina jengo.
Kina daftari, muhuri uliovunjika mpini,
na simu ya Nsimire yenye kioo kilichopasukapasuka
kama njia za Kadutu baada ya mvua.
Wafadhili walitupa tableti tano, semina ya siku mbili,
na soda.
Tableti nne zimelala kabatini, zinangoja umeme.
Ya tano mtoto wa mweka hazina anachezea mpira.

Tulianza kwa kuandika: leo hakuna maji, avenyu ya tatu.
Mama Cibalonza akasema, mimi herufi hazinijui.
Hakusema yeye hazijui. Alisema hazimjui,
na kikao kizima kikanyamaza,
maana nani kati yetu aliwahi kuwatambulisha?

Basi tukaacha herufi.
Kila mama akifika robine, afungue,
asogeze simu kwenye mdomo wa chuma,
arekodi sekunde saba, atume.
Asiye na unite aazime kwa jirani,
simu isiyo na moto ipelekwe kwa kinyozi Mugaruka,
anachaji kwa betri ya gari, Jumatatu bure
(siku nyingine analipisha, naye ana watoto).

Fsss.
Hivyo tu. Upepo ndani ya bomba.
Fsss ya Nyamugo ni nyembamba,
ya Buholo ina kutu,
ya kwetu inaanza na kikohozi, mtoto analia mgongoni,
halafu sauti: "Umesikia?"
Usiku nilizipanga kwa tarehe, kwa avenyu,
nikafuta majina. Majina hufutwa kwanza.
Tulimwona mwaka juzi aliyesema peke yake,
jinsi mlango wake ulivyogongwa.

Siku thelathini na moja. Sauti mia nne na sita.

Tukaenda ofisini. Nilikuwa nimechora grafu,
nguzo za bluu, nimezipenda mwenyewe.
Umeme ukakatika kabla ya nguzo ya kwanza.
Bwana mkuu akatazama saa, akasema
kwenye mashine yake robine zote zinatoa.

Nsimire hakujibu. Alifungua kitenge, akatoa sufuria,
ile ya kuchotea, akaiweka juu ya meza ya kioo,
akatumbukiza simu ndani, akabonyeza.

Fsss.
Sufuria ikaikuza. Fsss. Fsss.
Zikaja moja baada ya nyingine,
chumba kikajaa upepo usiolowesha kitu.
Kwenye ya tisini hivi karani alivua miwani.
Kwenye ya mia na kumi na mbili: "Umesikia?"
Bwana mkuu akasema, nimesikia, zima.
Mama Cibalonza akasema, bado tunasema.

Sitaki kudanganya. Hawakutuletea mto.
Walileta fundi, na valvu, na ahadi tatu,
moja ikatimia Alhamisi, saa nane za usiku.
Simu yangu ilitetemeka chini ya mto wa kulalia.
Hakuna neno. Sekunde saba:
ti, ti, ti, kisha pwaaa ndani ya bidoni tupu,
sauti ikipanda kadiri bidoni inavyojaa,
na nyuma yake mtu anacheka polepole
kama anayeogopa kuyashtua yakarudi.

Jumapili yalikatika tena.
Ile sauti sijaifuta. Memori imejaa,
kila asubuhi simu inanidai nafasi.
Nafuta picha za semina.