Chupa Mbili Zisizo na Jina

Bomba la juu limevuja Jumapili nzima
(hapa Paisley hata maji ya ndani huiga mvua ya nje)
na leo nimekuta rafuni chupa mbili uchi,
karatasi zake zimebanduka, zimelala sakafuni
kama ukoko wa uji.

Murdo anasema, Mwaga zote, tutaagiza nyingine.
Mwaga!
Mtu aliyelelewa na mama wa kupima mafuta ya taa kwa kikombe cha kahawa
hamwagi kitu kabla ya kukiuliza jina.

Moja aldehaidi, moja ketoni: daftari linasema hivyo.
Ipi ni ipi? Kwa macho ni shilingi kwa ya pili,
na pua yangu ina mafua tangu Novemba.

Nikaanza na swali la jumla, lile la rangi ya chungwa.
Matone mawili huku, mawili kule,
neli zote zikaganda papo hapo,
zikaitikia pamoja kama darasa la kwanza.
Haya, nyote wa ukoo mmoja. Nimesikia.
Lakini ukoo si jina.

Basi nikatengeneza dawa ya fedha,
ambayo hailazwi: ikilala huweza kulipuka,
kama neno la wifi.
Naitreti, tone la soda kali, tope la kahawia,
kisha amonia, tone, tone, machozi yananitoka,
hadi tope likatakata.
Nikazisimamisha neli katika maji ya moto
nikatia mikono mfukoni. Hapa hutikisi. Unangoja.

Dakika ya nne ya kushoto ikaingia kivuli,
kijivu, halafu (nimeiona mara mia, bado sijui niseme vipi)
ikawa kioo. Fedha kweli,
na ndani yake paji la uso wangu, refu, limepinda,
la mama mtupu.

Ya kulia, kimya.
Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki hakikuwa na mshindo wowote. Maji tu.
Nikaipenda hiyo zaidi.
Labda kwa kuwa kila Jumatatu Murdo huniuliza
kama nimeshazoea baridi,
nami hutazama mto Cart dirishani, nisibadilike rangi.

Kioo hakitunzwi. Nikakiosha kwa asidi,
mama akatoka vipande vipande.
Nikakata karatasi, nikaandika, nikabandika.

Saa kumi Murdo yuko mbele ya rafu, miwani utosini.
Hili la pili ni neno gani?
Nikatazama. La kwanza: Propanali.
La pili, kwa mwandiko wangu wa kila siku:
Bi Kimya.